Herufi Zinazoshikana Mikono

Apia, 3 Machi

Mama mpendwa,

Sauti ya zipu ya begi la Iosua haijanitoka masikioni. Alilifunga kwa kishindo, akacheka: "Dada, nikirudi kutimiza miaka ishirini na moja, unichapie kadi zenye herufi za mikia." Hujambo lakini? Mguu unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili tu.

Mama, washa simu. Najua uliizima siku walipopiga kutoka Queensland kusema mto umelichukua gari la Iosua na wachuma matunda wenzake. Mchungaji wetu wa huko nyumbani amekuja hapa kiwandani ninakochapa, anataka karatasi za ibada ya mazishi. Nimwambie nini?

Mwanao, Fuatino


Salelologa, 9 Machi

Fuatino mwanangu,

Salamu. Mguu ni uleule, haujaniua. Wewe unakula?

Mwambie mchungaji aoshe mikono asubiri karamu. Hawajamwona, basi hajafa. Chapa kadi za sherehe, tarehe ishirini na nane, kwa ule mwandiko wa kulala, herufi zishikane, na ile I yenye mkia mrefu. Baba yako ameshamchongea ufunguo wake wa utu uzima, ule wa mbao anaokabidhiwa kijana akitimiza ishirini na moja. Jana mke wa mchungaji kaniuliza mbele za watu, "Mama Iosua, wageni watacheza na nani?" Nikamjibu, "Na wewe, kama kiuno bado kinakubali." Wakacheka. Mimi sikucheka.

Usithubutu kumwandika mwanangu kwa herufi zilizosimama kama misumari.

Mama yako


Apia, 23 Machi

Mama,

Leo sikuulizi hali. Nimemtuma shangazi Peta akuletee barua hii, akae nawe mpaka umalize kuisoma.

Wamempata. Nimeonyeshwa picha, alikuwa na shati lake la kwaya. Anafika Alhamisi kwa ndege.

Nilikaa mbele ya mashine, nikashindwa kupanga hata herufi moja. Mzee Faleafa, bosi wangu, akaja. "Binti, mwandiko wa kulala ni wa harusi na ufunguo. Marehemu huandikwa wima, watu wasome bila kubabaika." Ndiye aliyenifundisha kwamba katika mwandiko huo kila herufi huanza pale mwenzake anapoishia, ukizitenganisha, zinaonekana zimekatwa.

Nikamwambia, "Ndiyo maana, mzee. Sitaki kumkata."

Akavua miwani, akanisogezea ile karatasi nene tuliyoiweka kwa sherehe.

Nimeandika hivi: "Karibuni tumpokee Iosua, miaka ishirini na moja, tarehe ishirini na nane." Mkia wa I unapita chini ya jina lote, kama mkeka aliotandikiwa. Neno mazishi halimo. Mchungaji ameikubali siku hiyo, na Baba aje na ufunguo, Iosua atashikishwa.

Usinikasirikie kwa kutokuuliza kwanza. Ningekuuliza, ungekataa, nami nisingeweza kukubishia. Kadi zimeshagawiwa makanisani tangu asubuhi. Yako anayo shangazi, mkononi.

Mwanao, dada yake Iosua