Kilo Kumi na Saba za Fikirini

Kibiti, 12 Januari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai presha imetulia na miguu haivimbi tena. Mimi mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao wa huko Maparoni unakata kila neno la tatu, na hili nataka ulipate lote.

Majibu yametoka. Figo yangu inamfaa Fikirini. Daktari wa Dar alinionyesha karatasi, kisha akaniambia nipande kwenye mizani. Kilo mia moja na moja. Akasema kwa uzito huu hawezi kunipasua, anaweza kuokoa mmoja akampoteza mwingine. Anataka nifike themanini na nne. Nilimuuliza daktari, huyu mdogo wangu anaweza kusubiri hadi lini. Akasema, "Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wewe pungua."

Mtaalamu wa lishe, binti mpole, amenipangia kalori elfu moja na mia nne kwa siku. Kalori ni nguvu iliyomo kwenye chakula, ndivyo alivyonieleza. Chapati yangu moja ni mia tatu. Mama, nilikuwa nakula nne kabla ya saa nne asubuhi, nimesimama hapo hapo jikoni nikiwapikia abiria wa mabasi, wala sikuhesabu kwamba nimekula. Sasa hata kuonja mchuzi kunaandikwa. Nimenunua mizani ndogo ya jikoni na daftari.

Tafadhali usinitumie nazi kwa sasa.

Mwanao,
Rukaya


Maparoni, 2 Februari 2025

Mwanangu Rukaya,

Marahaba. Miye sijambo, presha ipo, tumezoeana. Shangazi yako Zabibu anakusalimu, kifua kinamsumbua kidogo. Barua nimeisoma mara mbili, ya tatu nikampa yeye anisomee, nikidhani macho yananidanganya.

Weye ulizaliwa mkubwa. Mkunga alisema mtoto huyu kaja kashiba. Nimeona watu wakikondeshwa na maradhi na wakikondeshwa na waume, lakini mtu kujikondesha mwenyewe kwa kupima wali kwenye mizani sijaona. Haya, kama ni kwa ajili ya ndugu yako, Mungu akutie nguvu.

Nimempa Dulla wa boti mchele mpya, nazi kumi na vitumbua. Vitumbua ni vidogo, havina neno. Nazi kama huzili, kamua mafuta ujipake.

Mama yako


Kibiti, 9 Machi 2025

Mama,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Unafunga au daktari amekukataza? Kama amekukataza, msikilize.

Mzigo umefika. Nimefika kilo tisini na tano. Magharibi nawapakulia watu mihogo ya nazi na tambi, mimi nafungulia tende moja, uji usio na sukari na samaki wa kuchemsha. Wiki za mwanzo nililia kwa njaa, kweli nililia. Sasa hata hiyo njaa siisikii. Naweka kipande cha samaki kwenye mizani, naandika, nakula, naosha sahani. Ni kama namlisha mtu mwingine.

Wateja wameanza kunong'ona juu yangu. Mmoja aliniuliza kama nimeshaanza dawa. Nikamwambia bado. Sikuona haja ya kumweleza.

Fikirini alipiga simu jana akitoka kusafishwa. Sauti yake inachoka katikati ya sentensi. Hakuuliza nimefika kilo ngapi. Aliuliza tu kama nalala.

Mwanao,
Rukaya


Maparoni, 4 Mei 2025

Mwanangu,

Umeamkaje huko? Huku mvua haikati, mpunga wa kwetu nusu uko chini ya maji. Miye mzima.

Nina maswali, na usinicheke. Wakishaitoa hiyo figo, weye unabaki na moja? Na hiyo moja ikichoka, nani atakupa? Nilimuuliza mganga wa zahanati, akasema watu wanaishi nayo miaka mingi. Nikamuuliza amewaona wangapi kwa macho yake. Akaita mgonjwa mwingine.

Nimekutumia kashata na nazi kumi na mbili. Na wali wa kukaanga kidogo, utafune njiani ukienda Dar. Usimwambie huyo binti wa lishe.

Mama yako


Kibiti, 13 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Habari za afya yako, na kifua cha shangazi?

Kilo themanini na sita. Zimebaki mbili. Hospitali wamenipa tarehe nne Agosti nikapimwe mara ya mwisho, na nikifika themanini na nne, wapange siku ya upasuaji. Daktari alinipongeza na wauguzi wakanipigia makofi. Nilisimama pale nikingoja nifurahi. Halafu nikapanda basi nikarudi Kibiti.

Magauni yangu nimeyapunguza yote. Fikirini sasa anashikwa mkono na mkewe Salima hadi kitandani. Wiki tatu tu, Mama.

Mwanao,
Rukaya


Kibiti, 7 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Sikuandika tangu tulipomzika. Samahani. Natumai unakula na dawa za presha hujaziacha.

Wiki nne kesho. Salima alinipigia simu kusema wameniletea maiti ya ndugu yangu, ndivyo alivyosema, wameniletea, kama vile nilikuwa nimeagiza. Maneno hayo yamekaa kichwani.

Mimi nimerudi mgahawani. Naendelea na daftari. Jana ni kalori elfu moja mia tatu na themanini. Mwanahawa jirani aliniuliza nampimia nani sasa. Nikaendelea kupima. Nikiacha sijui asubuhi nitaamka nifanye nini.

Nina kilo themanini na nne.

Mwanao,
Rukaya


Maparoni, 21 Septemba 2025

Mwanangu Rukaya,

Marahaba. Dawa nameza. Kula, nakula kwa sababu Zabibu ananikalia mbele.

Siku ya tatu ya matanga nilikuona nyuma ya nyumba, umeweka wali wa msiba kwenye mizani yako, unatoa punje kwa punje. Wanawake waliacha kupakua. Miye nilikwenda chooni nikakaa humo, maana nilijua nilichokifanya.

Uliniambia nisitume nazi, nikatuma. Mara nne nilituma. Sikusahau, wala hayakuwa mapenzi ya kijinga ya mama. Nilitaka ushindwe. Nilikuwa na watoto wawili, mmoja mgonjwa na mmoja mzima, na daktari anataka kumlaza na huyo mzima. Usiku na mchana nilimwombea Fikirini apone, na dua ikiisha naomba weye usipungue. Nilimwomba Mungu vitu viwili visivyokaa pamoja. Sasa amechukua mmoja na huyu aliyebaki simtambui.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Ni haki yako.

Mama yako


Kibiti, 5 Oktoba 2025

Mama,

Shikamoo. Natumai umeamka salama. Barua yako nilikaa nayo wiki nzima.

Nazi zako sikuzila hata moja. Mwanahawa alizichukua zote, na kashata, na vitumbua. Kwa hiyo hilo litoe moyoni.

Sasa langu. Nilipokuandikia kwamba zimebaki kilo mbili, usiku ule ule nilishindwa kulala, nikaona kumbe ni kweli, watanikata. Kesho yake nilikula chapati sita. Sikuwa na njaa. Nilizila moja baada ya nyingine nikiwa najua ninachofanya, na keshokutwa yake tena, hivyo hivyo wiki mbili nzima. Tarehe nne Agosti mizani ilisoma themanini na tisa. Daktari akasema turudi Septemba. Fikirini alikuwa nje kwenye kiti cha magurudumu. Nilimwambia mizani yao mbovu. Akasema, "Sawa, dada." Baada ya siku saba akafa. Sijui kama aliniamini.

Sijamwambia mtu mwingine. Daktari amesema hata ningefika, vipimo vilikuwa bado, na siku yenyewe isingekuwa karibu. Huenda. Nimelisikia kama ninavyosikia tangazo la redio.

Sijakukasirikia, Mama. Wala sijalia bado. Nitakuja Alhamisi kwa boti ya asubuhi, mgahawa nimemwachia Mwanahawa. Sitaki upike cha kipekee. Pika mnachokula siku zote, unipakulie wewe kwa mkono wako, kiasi utakachoona, na ukae nami mpaka nimalize.

Mwanao,
Rukaya