Kifuniko Kimoja, Midomo ya Basi Zima

Manyoni, nyuma ya stesheni
Jumapili mchana

Dada yangu Tusekile,

Shikamoo. Kabla sijauliza hali, naomba barua hii isikukute mezani. Kama una sahani mbele yako, kunja barua uiweke chini ya mto, ule kwanza, unawe mikono, ndipo uendelee. Siku ile nilipokupigia ulinikatia simu katikati kwa sababu ulikuwa unakula. Sikukulaumu, ila maneno yale yamebaki tumboni mwangu na yananisumbua. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hamjambo lakini? Miguu ya mama inaendeleaje na baridi hiyo ya Tukuyu? Yule ndama wa mwisho ameacha kunyonya, au bado anawatia hasira asubuhi? Mimi ni mzima wa mwili. Vumbi la huku limeshanizoea na mafua yamenionea huruma. Roho ndiyo inayochafuka kila siku, na chanzo ni maziwa.

Unajua nilivyofika huku. Kikundi cha akina mama wanaouza maziwa stendi kilikuwa kinatafuta mtu aliyesomea maziwa, awaendeshee chumba chao cha kuchemshia na kupoozea. Nikasema huyo ni mimi. Nimelelewa na mama anayemwosha ng'ombe kiwele kwa uangalifu kuliko alivyokuwa akituosha sisi uso, nikadhani popote penye ng'ombe watu wako hivyo. Dada, nilikuwa mjinga.

Siku ya kwanza nilipelekwa stendi na Mama Ntandu. Huyu ndiye mwenyekiti wa kikundi na ndiye mwenye nyumba ninayokaa, mama wa makamo kutoka Issuna aliyeolewa hapa, mnene, mpole, mwenye sauti ambayo basi likiwa bado linakata kona abiria wameshaisikia. Maziwa yenyewe yalikuwa mazuri kwa macho. Lakini yalikuwa kwenye chupa za maji zilizookotwa, na kila chupa ilizibwa kwa chochote kilichopatikana. Nyingine gunzi la mahindi. Nyingine nailoni iliyosokotwa ikasukumwa ndani kwa kijiti. Moja ilikuwa na kifuniko cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, nilikijua kwa rangi yake. Nikauliza. Nikaambiwa kimeoshwa.

Hayo ningejikaza nikayameza. Nisichoweza kukimeza ni desturi ya kuonja. Huku mtu hanunui maziwa asiyoyaonja, anahofia yametiwa maji. Basi likisimama, abiria anatoa mkono dirishani, anapewa chupa, anamimina kidogo kwenye kifuniko, anaonja, anatazama juu akifikiri, kisha ama analipa ama anarudishia kifuniko na kurudisha chupa. Chupa inakwenda dirisha linalofuata, na kifuniko ni kile kile. Nilisimama pale nikakifuata kwa macho kifuniko kimoja cha bluu kikipita upande mzima wa basi. Kilianzia kwa mzee mwenye ugoro kwenye mdomo wa chini. Kikaenda kwa msichana aliyekiachia rangi yake nyekundu, kisha kwa jamaa mmoja aliyekuwa ametoka kukohoa na kujifuta kwa kiganja, kisha kwa mtoto ambaye hakuonja bali alikinyonya. Mwisho wa safari kikaziba maziwa aliyonunua mama mwenye kichanga. Nilikwenda nyuma ya choo cha stendi nikatapika, na harufu ya choo chenyewe ikanitapisha tena.

Nilisema, dada. Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali, nikachora hata picha za vijidudu ukutani. Walinisikiliza vizuri sana, wakanishukuru, na kesho yake kifuniko kikaendelea na safari zake.

Kisha bwana afya akaja. Watoto wa mtaa wa jirani walikuwa wameharisha, na ingawa hakuna aliyethibitisha kuwa ni maziwa, yeye alisema wazi mbele ya akina mama wote: kuanzia Jumatatu ya baada ya mnada hataki kuona muuza maziwa stendi, isipokuwa chupa zake ziwe na kifuniko safi ambacho kikishafunguliwa hakirudi. Siku hiyo atakuja mwenyewe kutazama. Akaondoka. Mama Ntandu hakubisha. Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila hata kuvua ndala, akaniambia kwamba stendi ikifungwa hawana pengine. Wafugaji watamwaga maziwa, na wale wanawake watarudi porini kuchoma mkaa, kazi iliyowatoa damu puani kabla hawajaungana. Akaniangalia, akasema, "Atu, wewe ndiye uliyesoma. Tutengenezee hicho kifuniko." Hivyo ndivyo nilivyogeuka fundi wa vifuniko.

Chupa mpya tulikuwa nazo stoo, za plastiki ngumu, zilizonunuliwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa hazikuwa na vifuniko. Na hata ningepata vile vya kuzungusha, vinarudi, kwa hiyo havikunisaidia. Nilianza na karatasi nene. Nilikata miduara, nikaichovya kwenye nta ya nyuki inayotoka Itigi, nikaikandamiza ndani ya mdomo wa chupa. Ilikaa vizuri, ikanukia asali, nikajisifu. Kumbe mduara ukikaa ndani, ukingo wa chupa unabaki wazi, na hapo ndipo mtu anapoweka mdomo. Vumbi likaufanya ukingo mwekundu kabla basi la kwanza halijafika. Na kuufungua je? Unausukuma kwa kidole. Konda mmoja, niliyemwona muda huo huo akitoka nyuma ya basi anafunga zipu, aliushindilia mduara wangu mpaka ukazama, na gumba lake likaingia lote kwenye maziwa. Akalitoa, akalinyonya, akatangaza kwamba maziwa ni mazuri. Siku hiyo sikula mpaka jioni, na jioni nilikula ndizi kwa sababu ina ganda.

Hapo nikaelewa kwamba kizibo hakifai. Chupa ilihitaji kofia, kitu kinachovaa mdomo kwa nje, kinashuka mpaka shingoni, ili pale pa kunywea pasiguswe na mkono, nzi wala vumbi. Nikanunua foili, zile karatasi za kung'aa wanazofungia chakula hotelini, nikaenda kwa fundi Yusufu, anayechomelea majiko ya mkaa karibu na reli. Nikamweleza nataka pete ya chuma yenye mkono wa kusukuma, ishuke juu ya mduara wa foili na kuukunja kuzunguka shingo yote kwa mara moja. Pete ya kwanza ilikata foili vipande. Ya pili iliiacha legelege kama soksi ya mtoto. Tuligombana kidogo, kwa maana yeye alitaka kuipaka grisi ishuke kwa urahisi, na mimi nikamwambia akileta grisi karibu na maziwa yangu nitamwaga mkaa wake wote. Mwishoni akabandika ndani ya pete utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Niliuchemsha utepe huo na sabuni mpaka akanicheka. Foili ikashuka, ikajikunja, ikabana. Ukitaka kuifungua lazima uichane, na ikichanika haina namna ya kurudi.

Ungeziona chupa hizo zimepangwa mezani, dada, ungenipigia vigelegele. Nilizitazama nikahisi kwa mara ya kwanza tangu nifike huku kwamba dunia inaweza kuoshwa.

Jumamosi tukazijaribu stendi. Hakuna aliyenunua. Abiria walizitikisa, wakazigeuza chini juu, wakasema kitu kilichofungwa hivyo kina siri. Nilirudi chumba cha maziwa kuchukua nyingine, na nilipotoka nikakuta za Mama Ntandu zinakwisha. Nikafurahi, nikasogea kumpongeza. Kumbe alikuwa anatoboa foili kwa ukucha, anamdondoshea mteja maziwa kiganjani aonje, na mteja akikataa, analamba kidole gumba chake na kulainisha foili juu ya tundu, taratibu, kwa ustadi, mpaka inang'aa tena. Nikamuuliza anafanya nini. Akashangaa. Alisema si amekirudisha vizuri, hata tundu halionekani. Nilitamani kujitupa relini, lakini hata treni nayo siku hiyo ilichelewa.

Jumatatu ikafika. Bwana afya alisimama kando ya kibanda cha tiketi, mikono nyuma. Akina mama wamevaa khanga safi, chupa zinameta, na nilikuwa nimewaonya wote kwamba ukucha ukigusa foili mbele ya mtu huyu, stendi imekwenda. Likaingia basi la kutoka Singida. Dirisha la kwanza, baba mmoja mwenye kofia ya sufu akachukua chupa ya Mama Ntandu, akaitikisa, akaomba afunguliwe aonje. Mama Ntandu akamwambia haifunguliwi ila kwa kununuliwa. Baba akairudisha. Dirisha la pili likakataa, na la tatu. Nikauona mkono wa Mama Ntandu unapanda wenyewe kuelekea foili, ukucha mbele. Bwana afya naye akauona. Mama Ntandu akaushusha mkono akauficha ndani ya khanga, na machozi yakamlengalenga, kwa sababu konda alikuwa ameshaanza kupiga ubavu wa basi waondoke.

Yule baba wa kofia akatoa kichwa nje. "Kwetu sisi mwenye nyumba ndiye anayetangulia kunywa," akasema. "Nani kati yenu anayanywa haya?"

Nilidhani Mama Ntandu atajibu yeye. Aligeuka kwangu. Sauti yake ya kuita mabasi hakuitumia, alisema taratibu, kama tuko jikoni. "Anywe huyu, ndiye aliyeyafunga. Mwanangu, tangu uje kwangu unakunywa chai ya rangi. Kikombe cha maziwa ninachokuwekea asubuhi unampa paka. Tumekuona tukanyamaza. Leo kunywa."

Dada, nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa namwambia tumbo langu halipatani na maziwa, mimi niliyekuzwa Tukuyu, na yeye alikuwa anaitikia na kunipa pole. Nikachukua chupa. Maziwa hayo nimeyachuja mwenyewe, nimeyachemsha mwenyewe, nimeyapooza na kuyafunga kwa mikono yangu, na sidhani wilaya nzima ilikuwa na maziwa safi kuliko hayo. Hata hivyo niliisimamisha chupa mbele ya mdomo. Niliona gunzi, nikaona gumba la konda, nikaona ugoro wa yule mzee, vyote vinaelea humo. Nikaichana foili. Nikanywa, nikameza, nikanywa tena mpaka nusu, macho yangu yakiwa kwa yule baba ili asije akadhani natazama pa kutemea. Yalikuwa na harufu ya moshi kwa mbali, ya vibuyu ambavyo wafugaji huvifukiza. Sikutapika.

Baba akasema apewe mbili. Kisha mikono ikatoka madirishani kila upande, na hakuna aliyetaka kuonja tena. Bwana afya akasogea, akageuza chupa moja, akapitisha kidole shingoni, akasema akina mama waendelee na biashara yao, lakini kila basi likifika mmoja wao afungue ya kwake anywe mbele ya watu. Halafu akanunua chupa, akaichana foili kwa meno, kipande akakitemea miguuni pake. Nilitazama pembeni.

Basi lilipoondoka, Mama Ntandu akanichukulia ile nusu chupa mkononi. Hakufuta ukingo. Akaweka mdomo pale pale nilipoweka wangu, akanywa, akanirudishia. Wenzake wote wamesimama wanatazama. Dada, nimekata karatasi, nimegombana na fundi, nimechemsha mpira, ili tu midomo miwili isikutane kwenye chupa moja. Niliiona alama ya mdomo wake kwenye ukingo, bado imelowa. Kinyaa kilikuwepo, sikudanganyi, kilinipanda mpaka masikioni. Nikanywa yote.

Msalimie shemeji, mwambie akipita na lori lake njia hii asinunue kitu chochote stendi kabla hajaniona. Msalimie shangazi wa kanisani, na yule mjomba fundi cherehani anayeniuliza kila mwaka nitaolewa lini; mwambie bado nina kazi. Mama mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili, ila habari ya ile chupa usimsomee, hatalala. Mwambie tu kwamba asubuhi hizi sinywi tena chai ya rangi, na kwamba maziwa siyanywi peke yangu.

Ni mimi mdogo wako wa damu,

Atupele