Njia Nyembamba ya Shaba

Nehemiah,

Hali sikuulizi. Ng'ombe amezaa, na hapa Nyamira mvua haijakatika.

Majirani wanalaumu stima, nimewaacha waseme. Lakini stima ilipopotea, ile bodi ya umeme uliyotengeneza ili betri iendeshe mashine ya oksijeni ya baba iliungua papo hapo. Nilikuwa nimekutajia ampea za mashine, yaani umeme inaovuta. Wewe ukachora njia ya shaba ya kupitishia umeme huo nyembamba kama uzi, ili bodi itoshee kwenye kiboksi chako cha kupendeza. Sasa unawapigia wajomba simu ukisema ni mimi niliyechomeka vibaya!

Njoo umzike baba. Jeneza likifunguliwa umuage, papasa mfuko wa koti lake. Nimekuwekea bodi yako humo.

Dada yako mkubwa,
Edinah