Damu Imekatika Tangu Uondoke

Mama,

Naogopa, na wa kumwambia ni wewe.

Tangu tukuzike sijaona siku zangu. Mwezi wa kwanza nilidhani ni uchovu wa msiba. Uliofuata nikaanza kujipapasa tumbo kila nikiamka, natafuta uvimbe kama ule wako. Wewe nawe ulianza hivi hivi, siku zikavurugika, ukasema ni umri tu.

Duka lako, ile fremu ya vitenge, nalifungua mimi sasa. Wateja wako bado wanakuulizia. Nikiwaambia, wanapunguza sauti, wananipa pole, kisha wanauliza bei.

Mama mdogo Zuhura aliona nimekonda, akanivuta nyuma ya marobota. "Saada, una mimba?" Nikamwambia nimepima, sina. "Basi twende hospitali." Nikakataa. Si ukaidi, mama. Zile ngazi za hospitali kule Upanga tulizopanda wote, umeniegemea bega, sikutaka kuziona tena. Hakubishana. Akafunga fremu mchana kweupe, Kariakoo imejaa watu, akasimamisha bajaji.

Daktari wa kliniki ni mama mtu mzima, hana haraka. Alinipima damu, akanipiga ultrasaundi. Akanishika mkono.

"Hakuna uvimbe," akasema.

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Kisha akaniuliza kama nakula. Mama mdogo akanitangulia kujibu, "Hali." Ndipo akanieleza kwamba ubongo wenyewe hutengeneza dawa ya maumivu, jamaa ya ile morfini niliyokuwa nakunywesha. Mtu akielemewa na majonzi, tena hali, dawa hiyo inaweza kuzidi, ikafifisha ile amri ya ubongo inayoamsha mayai. "Haiko peke yake," akasema, "lakini kwako naona imechangia. Ukila, ukapumzika, siku zitarudi."

Nilipaswa kufurahi. Mama mdogo alifurahi, alimshukuru Mungu njia nzima.

Mimi, mama, nimepata woga mwingine. Siku damu ikirudi, ina maana kichwa kimeacha kunituliza? Kama huu ndio uchungu uliotulizwa, wenyewe ukoje? Sikuthubutu kumuuliza daktari.

Sasa nakuacha upumzike. Nakuahidi nitakula, na kliniki nitarudi. Nitaenda hivyo hivyo, huku naogopa.

Mwanao,
Saada