Taya la Mwajuma

Mama Salma,

Mie mzima. Naandika kwa mkono wangu, sijamwomba Salma aniandikie, maana haya ni ya mimi na wewe.

Mdogo wako Mwajuma kaumwa taya. La kushoto, kama lako. Kashika shavu vilevile, kasema vilevile: "Jino tu hili." Nikatupa spana chini, mke wangu. Wewe tulikupeleka ukang'olewa jino zima, halina hata tundu. Siku ya tatu ukaondoka duniani, ndipo tukaambiwa kumbe ni moyo.

Basi nikamburuta Mwajuma hadi zahanati. Njia nzima ananisimanga: "Shemeji, fundi bomba kawa daktari lini?" Nikamwambia, leo asubuhi. Daktari mwenyewe binti mdogo. Akaniamkia vizuri, kisha akaandika karatasi twende chumba cha meno. Sikutoka. Unanijua. Nikamwambia: binti yangu, Mbagala nzima hii hakuna fundi bomba wa kunizidi. Ukuta unalowa sebuleni, mie nafukua chooni, na bomba lililopasuka nalikuta hukohuko. Mwulize taya linauma akifanya nini.

Akacheka, lakini akauliza. Mwajuma akajibu: akibeba ndoo ya maji linauma, akiitua linaacha. Yule binti akaacha kucheka. Jino gani linajua kuna ndoo kichwani? Akampima, akapiga simu, siku ileile tukapelekwa hospitali kubwa. Moyo. Mshipa ulikuwa unaziba. Wamesema tumewahi.

Najisifu, ndiyo, wacha nijisifu. Ila kwako nasema kweli. Miaka yote nafukua kuta za watu, na wewe uliniambia, tena si mara moja, "Baba Salma, nikipanda kile kilima cha sokoni taya linanivuta." Mie nikakujibu utafunie upande wa pili. Hilo... basi. Hilo ni langu.

Sasa Mwajuma hataki vidonge, eti vinamchosha. Kila asubuhi nasimama mlangoni kwake mpaka ameze, na kinywa afungue nione. Juzi kaniita mzee king'ang'anizi mbele ya majirani. Nikamwitikia.

Lala, mke wangu, Mungu akuweke pema. Nakuahidi: mdogo wako atanichoka, atanitukana, atanifungia mlango. Lakini kukufuata kwa taya lile, mie nikiwa hai, hapana.

Mumeo,
Baba Salma