Nilifungua Pipa la Bia ya Baba

Bibi Etelka, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, naishi karibu na Lendava, Slovenia, mpakani na Hungaria, shuleni kwetu tunafundishwa kwa Kislovenia na Kihungari, na nikitakiwa kusema jambo la moyoni lugha zote mbili zinanikimbia, ndiyo maana naandika.

Baba anaipenda bia moja ya dukani, chungu, yenye harufu ya maganda ya chungwa, na kwa miaka mitatu amekuwa akijaribu kupika kama hiyo hiyo kwenye banda letu, na miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimnusia, sinywi, nanusa tu, ya dukani glasi hii na yake glasi ile, halafu namwambia, "Baba, yako imezidi harufu ya majani," naye anaandika, na mbele za watu ananiita Pua Yangu. Basi dada yangu Ildiko akachumbiwa na Gorazd, ambaye kwao wanalima hopsi, yale maua ya kuitia bia uchungu na harufu, na tangu shemeji aingie bandani na mfuko wa maua ya kwao mimi nimekuwa wa kuosha chupa. "Mwanangu, nusa hii!" baba anamwambia, mwanangu, Bibi, na mimi nimesimama pale pale. Shemeji akasema, "Mpe na mdogo wetu anuse." Baba akajibu, "Aa, huyo ana mafua." Sikuwa na mafua. Nilikuwa nimetoka kulia.

Jumapili iliyofuata, maua ya mwisho yakiwa yameshatiwa kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, wakati ambao baba mwenyewe alinifunza kwamba pipa halifunguliwi hata kwa kuchungulia, wao walikwenda kanisani nikabaki peke yangu, nikafungua kifuniko, nikakoroga kwa mwiko mpaka povu likapanda, nikafunga. Sasa bia imekuwa ya kahawia kama chai, inanuka boksi lililolowa, na Jumamosi hii baba amewaalika wazimamoto wote wa kujitolea wa kijiji waionje pamoja na ile ya dukani bila kuambiwa ipi ni ipi. Alimfokea shemeji, "Mpira wa kuhamishia bia hukuuosha!" Shemeji akainamisha kichwa, "Labda ni mimi, baba, nisamehe." Baba akamwambia asikanyage tena bandani, Ildiko hasemi na baba, banda limefungwa na mimi pia sijaitwa, na kibaya zaidi, nikimsikia Ildiko akimtetea shemeji naona wivu upya, mbona mimi hakunitetea mtu. Je, niseme, au ningoje yasahaulike?

Aliyekuwa Pua

*

Aliyekuwa Pua, marahaba.

Pole. Kuondolewa mahali pako na baba yako mwenyewe, tena kwa kusingiziwa mafua, kunauma. Baba yako ana makosa, na akiniandikia nitamwambia. Lakini leo umeandika wewe. Wivu humwingia kila mtu. Mwiko uliushika kwa mkono wako.

Hebu nikuulize, wewe uliyenusa miaka mitatu: mpira mchafu huifanya bia iweje? Huwa chachu kama siki. Harufu ya boksi lililolowa ni ya hewa iliyoingia. Unajua wewe, na kijana aliyezaliwa kwenye mashamba ya hopsi asijue? Anajua vizuri kwamba pipa lilifunguliwa, na anajua nani hakwenda kanisani. Amekubali kufukuzwa yeye ili usifukuzwe wewe. Huyo ndiye unayemwonea wivu, binti.

Kwa hiyo hakuna kungoja. Mwite shemeji aje kesho chakula cha mchana, baba na dada wakiwepo. Ukimwambia baba pembeni utakuwa umejisafisha wewe tu. Sema, "Pipa nililifungua mimi, nikakoroga." Uishie hapo. Usiweke "lakini," usitaje mafua, usidai nafasi yako; hayo utayazungumza na baba siku nyingine, mkiwa wawili. Atafoka. Mwache afoke. Ukimaliza, nenda kwa wazimamoto kwa miguu yako uwaambie Jumamosi hakuna kuonja, na kwa sababu ya nani.

Na shemeji yako akifungua mdomo kukutetea, mwombe anyamaze, umalize mwenyewe.

Etelka