Vijidudu vya Tumboni mwa Mjomba

Masasi, 2 Juni 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Huku sote tu wazima, wasiwasi ni kwako tu. Vipi mkojo, bado unakusumbua? Naandika kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima.

Wiki iliyopita sisi wauguzi tulikuwa na semina ya saratani ya tezi dume, kama hiyo yako. Mtaalamu alisema huenda vijidudu fulani vya tumboni hutengeneza homoni zilezile ambazo sindano yako inazizuia, vikailisha saratani. Bado wanachunguza. Nikakukumbuka.

Mpwa wako,
Benedikto

Chilangala, 14 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi na mkazamjomba wako Mama Rose hatujambo, tunapuliza dawa mikorosho.

Umeniokoa! Kumbe adui yuko tumboni. Mganga Halfani amenichemshia mizizi ya kuendesha tumbo, nakunywa asubuhi na jioni. Nimekonda, lakini najisikia mwepesi. Sindano ya mwezi huu sikuifuata. Ya nini tena?

Mjomba wako,
Nikolao

Masasi, 17 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Acha hiyo dawa leo hii. Tumboni vimo pia vijidudu vinavyokulinda, na hakuna aliyethibitisha kwamba kuendesha kunatibu saratani. Kinachoizuia yako ni sindano. Nilifurahia jambo jipya nikasahau kwamba namwandikia mgonjwa. Njoo uchomwe, nitakupokea. Nijibu, tafadhali.

Mpwa wako,
Benedikto

Chilangala, 9 Agosti

Benedikto mwanangu,

Marahaba. Nilikaa kimya kwa hasira, ila si juu yako. Sindano ile inanitoa jasho kama mwanamke aliyekoma hedhi. Kifua kimevimba. Na chumbani, mimi na Mama Rose tunalala kama ndugu. Hayo sijawahi kumwambia mtu. Ulipotaja vijidudu, nilitamani kosa liwe lao, niachane na sindano.

Juzi nilianguka shambani, miguu haina nguvu kwa kuendesha. Mama Rose akaninyanyua, akanipangusa mchanga usoni.

"Hivi unadhani mimi nimekukasirikia?" akaniuliza.

Nikajifanya najipangusa magoti.

"Mambo ya chumbani tumeyafaidi miaka mingi, Nikolao. Sasa nataka mtu wa kugombana naye nikizeeka. Utachomwa hiyo sindano, hata kama ni kukubeba."

Nikalia, mwanangu, palepale chini ya mikorosho, naye akanicheka mpaka na mimi nikacheka.

Barua hii nampa dereva wa gari la leo. Sisi tunateremka Masasi kesho. Ukituona, mwamkie yeye kwanza.

Mjomba wako,
Nikolao